Tundu la Tatu

Mwaka mzima niliitukana injini.
Farasi ishirini na tano! Labda punda, nilisema,
tena punda wa mkopo.
Kutoka Mikindani hadi Tudor
boti lilikokota makalio
kama mtu anayevuka maji na kanzu yake,
likinywa petroli, likirusha maji nyuma,
na karani wa korti, abiria wangu wa kila siku,
alishuka akikamua soksi.

Nunua kubwa, waliniambia wote wenye midomo.
Nikajaza fomu. Wadhamini wawili nikawapata.
Wa tatu alikuwa Mwanamkuu Shebwana, fundi,
naye kalamu hakuishika.
"Lete boti kwanza," akasema, "maji yakitoka."

Akaja na ubao ulionyooka.
Akaulaza chini ya tumbo la boti,
akausukuma nyuma mpaka ukaigusa injini,
akanionyesha kwa kidole cheusi cha grisi:
bamba lile, lile bapa juu ya rafadha,
limepita ubao, limezama vidole vitatu zaidi.
"Injini yako haisukumi," akasema. "Inalima."

Bolti nne, kutu tupu.
Mafuta, nyundo, matusi, tena mafuta.
Kamba juu ya boriti, mimi nikivuta,
yeye akichungulia tundu likutane na tundu.
Tukapandisha moja. Tukaenda, tukarudi.
Povu nyuma lilipungua, basi.
Tukapandisha la pili,
na hapo, wallahi, boti likavua kanzu.
Omo ikatulia, usukani ukawa mwepesi mkononi,
mikoko ikaanza kutupita
kama watu wenye haraka zao.

Nikasema: la tatu.
Mwanamkuu alinitazama.
Akafungua bolti bila neno.

Kwenye mstari ulionyooka, mbio. Nikacheka.
Kwenye kona ya kwanza, karibu na daraja la Nyali,
injini ikapiga yowe,
rafadha ikatafuna upepo, boti likasita,
na ule uzi wa maji ubavuni,
ule tunaouita mkojo,
ukakatika.
"Zima! Zima, utaiunguza!"

Tukaelea kimya. Injini ilinuka joto.
"Sasa umejua mwisho wake ulipo," akasema,
akajifuta mikono kwa leso kuukuu.

Tuliporudi kwenye la pili
nikaona juu ya mbao ya tezi, chini ya rangi,
mkwaruzo wa msumari: alama ya baba,
pale alipoitundika yeye, chini kabisa.
Nikauliza, nusu kwa aibu,
"Kumbe mzee hakujua?"

"Babako alifanya kazi maji gani?"

Nje ya mlango wa Kilindini.
Akiwapelekea mabaharia mboga na sigara,
kati ya meli zilizotia nanga
na mawimbi ya matagi yakipishana.

"Basi. Huko wimbi likiinua tezi,
rafadha ya juu huzunguka hewani, na wewe umekwama
mbele ya chuma chenye ghorofa kumi.
Alipima kwa maji yake.
Wewe pima kwa yako."

Alinidai bei ya bolti nne mpya.
Rangi niliipaka upya mwezi uliofuata,
nikauzunguka ule mkwaruzo.

Karani alishuka Tudor na soksi kavu.
Hakusema kitu.
Nani hushukuru kwa kutolowa?
Alitazama saa yake tu, akaona bado mapema,
akasimama pale gatini
asijue aufanyie nini muda ule.