Karatasi ya Masahihisho

Tartu, Februari. Theluji imefika kwenye kitasa.
Hilja amemaliza prufu kwa rula ya shaba:
kitabu cha mantiki, kurasa mia tatu na tisa.
Makosa kumi na moja, kayaorodhesha
katika kijikaratasi cha kubandikwa mwishoni.

Kisha, kwa unyenyekevu tu
(mama yake alikuwa Mlutheri wa kweli),
akaongeza chini:
"Karatasi hii nayo ina kosa moja."

Akalitafuta. Herufi, sawa. Nambari, sawa.
Nukta zote zimekaa.
Basi kosa ni sentensi yenyewe;
na kama ni kosa, imesema kweli;
na kama imesema kweli,
kosa liko wapi?

Mganga hajigangi. Kinyozi hajinyoi.
Lakini neno, ulipe silabi moja tu, *ji*,
litapinda shingo mpaka lione kisogo chake.

Endel wa mitambo anabisha mlangoni: "Tayari?"
Chai imefunga utando.
"Tayari," anajibu Hilja,
kalamu nyekundu bado iko wazi mkononi,
na neno hilo nalo
limekaa hewani, linangoja lisahihishwe.