Mzizi Mtamu

Pakiti iliandikwa: asilia, haina madhara.
Mama akauchemsha mzizi kila usiku wa Januari
kule Kemi, jua linapochungulia kidogo likajuta.
Ni kwa ajili ya tumbo, alisema.
Mtamu huu, hata sukari siongezi.

Wiki ya tatu soksi zikamwachia mifereji miguuni.
Ngazi za ghorofa ya pili zikawa mlima.
Moyo, alinieleza kwa simu, unaruka hatua
kama mtoto anayekwepa madimbwi.
Uzee huo, nikamjibu. Ni mimi niliyejibu hivyo.

Tumefunzwa kuogopa kilicho kichungu.

Hospitalini Orvokki, muuguzi, alipima presha mara mbili,
akauliza: unakunywa nini siku hizi?
Mama akataja kahawa. Akataja maziwa.
Mzizi hakuutaja;
niliukuta mimi, nilipofuata gauni lake la kulalia.

Kidole kilikuwa kimegeuka zambarau.
Wakaikata pete ya Baba kwa koleo.
Miaka kumi na tisa ya ujane ilishindwa kuivua.

Sasa miguu imenywea, ngazi anapanda.
Pete imo kwenye kikombe cha yai, imeachama.
Hataki iunganishwe. Anasema
kidole kinasikia baridi.