Mimu

Detlefu kanipatia, beji ya vita majini,
Lamu yote kapitia, pini iko taabani,
Nyambizi yajilalia, katikati ya majani,
Laki mbili kalipia, kwa mnada wa Bremeni.

Naigeuza mgongo, naisugua kwa ndimu,
Kwenye pengo la kiungo, nikaijua lehemu:
Ni ya babu, si uongo, alama yake ni mimu,
Alifua kwa mpango, kwa wateja wa msimu.

Detlefu ananingoja, kahawa imeshapoa,
Mfukoni picha yaja: baba, meli, na madoa.
Nina neno, nina hoja, nimemeza, sijatoa,
Kwa lehemu, tone moja, mimu nikaiondoa.

“Ni halisi?” kauliza.
“Pini ni fedha halisi.”