Kinyota Mbele ya Neno

Kwenye kadi ya kahawia, droo ya T,
ghorofa ya tatu juu ya reli za tramu mjini Brno,
kuna kitenzi ambacho hakuna aliyewahi kukiandika
kikiwa hai:
*tъkati.
Kinyota hicho cha mbele si pambo.
Kinakiri: neno hili hatukulisikia,
tumelikisia kwa watoto wake,
kama jirani anayemwona mtoto mgeni mlangoni
akasema, pua hiyo naijua, ni ya kwa kina Hruška.

Watoto ni wengi. Mpolandi anasema tkać,
Mserbia tkati, Mukreni tkaty,
sisi Wacheki tkát,
na wote wanasema kufuma.
Kati ya t na k palikuwa na irabu,
fupi, nyembamba, chini kidogo ya u,
pumzi tu.
Yapata miaka elfu iliyopita ilianza kukatika,
kijiji baada ya kijiji,
na hakuna aliyekaa matanga.

Profesa Vrbík, sweta lake limejaa chaki,
alinipa kadi hiyo niinakili upya.
"Drahomíra, usianze na nguo.
Kabla ya nguo palikuwa na kusukuma, kudunga.
Chimba, utakuta ncha."
Sikumwamini. Nilikuwa na miaka ishirini na minne
na kila kitu nilikijua.

Jumapili nikamuuliza mama.
Mama alifanya kazi miaka thelathini na mmoja
katika kiwanda cha sufu kando ya mto Svitava,
mashine mia mbili chumba kimoja;
masikio yake yalibaki huko.
Nikamwandikia mgongoni mwa bahasha ya umeme:
TKÁT NI NINI?
Akaisoma. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji ni nini.
Kisha akanyoosha kidole, akanidunga kifuani,
mara moja, mara mbili, mara tatu,
kati ya kifungo na kifungo.
"Hivi," alipaza sauti. "Hivi, siku nzima."

Basi. Kufuma kwa mkuki na kufuma kwa uzi
ni kufuma.
Mshindio unauchoma mtande,
unatokea upande wa pili, unarudi,
na jeraha likirudiwa mara elfu kumi
linakuwa blanketi.

Katika mzizi huo tumechuma neno la kugusa,
na la kizibo cha chupa,
na lile la polisi anapokushika bega usiku.
Na tkáň, nguo ya ndani ya mwili,
ambayo daktari aliitamka mwezi Februari
akiinua picha ya mapafu ya mama kwenye mwanga:
hapa, alisema, na hapa.
Vumbi la sufu.
Niliisikia t, nikaisikia k.
Katikati, kimya.

Vuli ile nilipanda treni hadi Bulgaria,
kisha basi lenye kuku, hadi milima ya Rodopi,
kwa mama mmoja aitwaye Stamena
anayefuma mazulia ya manyoya ya mbuzi.
Nikamuuliza anafanya nini.
Swali la kipumbavu; mikono yake ilikuwa imejaa nyuzi.
"Tъka," akasema. Nafuma.
Na irabu ilikuwamo.
Si a, si u: sauti ya mtu aliyeguswa usingizini.
Huku kwetu imezikwa miaka elfu,
na yeye hakuna aliyempelekea taarifa.

Sema tena, nikamwomba.
Akasema tena.
Tena.
Akadhani sisikii, maskini, mgeni kiziwi na daftari lake;
akaweka chini kijiti cha uzi, akapaza sauti,
akanyoosha kidole.
Nikasogea karibu,
nikafungua kifungo cha koti.