Goti Chini ya Robota

Zimefika na treni ya Jumatano,
mbegu themanini na sita ndani ya chungu cha risasi,
kila moja ndogo kuliko punje ya mchele.
Zilipotoka Dar zilikuwa na nguvu zaidi.
Morogoro zimepungua, Manyoni zimepungua,
na pale Itigi, abiria wakigombea kuku dirishani,
zenyewe kimya, zinajila.

Nazidondosha mojamoja kwenye kisima cha kupimia,
kisima kisicho na maji, kina chake shubiri.
Namba inapanda, inatetema, inatulia.
Naandika. Naondoa kilichopotea njiani.
Naandika tena.

Mzee Mlekwa amekaa upande wa pili wa kioo,
kofia gotini, macho kwenye kalamu yangu.
Miaka thelathini na moja alipima tumbaku Urambo;
alijua daraja la jani kwa kulisikiliza likikunjwa.
"Nazo zinakauka njiani?"
Ndiyo, mzee. Asilimia moja na kidogo kwa siku.
"Basi ni kama robota." Anacheka. Kisha hacheki.
"Na hiyo mizani yako, nani anaipima?"

Namwambia kisima hiki nacho husafiri,
kikapimwe na kipimo kikubwa kuliko chenyewe.
"Na hicho kikubwa?"
Nacho kina mkubwa wake.
"Na cha mwisho?"

Ningeweza kumwonyesha cheti ukutani,
chenye muhuri, kando ya kalenda ya wafuga nyuki.
Nikamwambia kweli: cha mwisho hakuna.
Mwisho wa vipimo vyote
kuna asilimia tano tusizozijua.

Treni ya mizigo inapita, kioo kinalia.
Anangoja behewa la mwisho.
"Asilimia tano," anasema.
"Kwetu ilikuwa ada ya mtoto.
Ilikuwa bati tatu.
Ilikuwa nauli ya mke wa Maganga, usiku ule wa uchungu."
Anaondoa kofia, anaiweka benchini,
analitazama goti lake la kulia
kama mtu anavyomtazama mgeni asiyeaga.
"Hili nililiweka chini ya robota.
Mkulima anatazama mshale, hatazami meza.
Msimu mmoja nililipima, ghala tupu, mlango nimefunga:
kilo mbili na robo."

Sikuwa na kifaa cha kupimia hilo.
Nikachukua mbegu ya arobaini na moja.

*

Kitendawili, aliwaambia wauguzi wakimlaza.
Tega!
Nimepanda kitalu, naomba kisiote.
Walicheka mpaka dawa ya usingizi ikamchukua.

*

Mwezi umepita. Amerudi kupigwa picha.
Tunahesabu pamoja, yeye kwa kijiti cha kiberiti:
themanini na tano.
Moja imesafiri na damu,
imejilaza pembeni mwa pafu la kushoto
kama mtoro aliyepata kazi mjini.
Haitakudhuru, namwambia. Lakini hesabu imebadilika.
Tulipanga grei mia moja arobaini na tano.
Umepata mia moja thelathini na tisa.

Nilijiandaa kwa hasira yake.
Nilikuwa hata na sentensi tayari,
ile ya kitaalamu, inayosema inatosha
bila kusema inatosha kwa nani.
"Inatosha?"
Nadhani inatosha.
"Andika *nadhani*, basi. Usinizidishie kwa huruma."
Nikaandika.

Nyumbani, anasema, wametoa kamba ya kupimia matuta,
ile yenye fundo kila nusu mita.
Mjukuu wake Doto hukaa fundo la tatu wakati wa kula,
anapiga kelele: "Babu, bado unawaka?"
Bado.
Kila siku sitini, nusu.
Kisha nusu ya nusu. Kisha nusu ya hiyo.

Anataka tarehe. Si ya kupona, hiyo hakuuliza.
Tarehe ya mtoto kupakatwa.
Nahesabu kwenye kalenda ya nyuki,
naweka alama mwezi wa mvua za kwanza,
naongeza wiki moja ya woga wangu mwenyewe.

Anasimama, anaitafuta kofia.
Mlangoni anageuka.
"La kushoto," anasema.
"Atakaa la kushoto."