Hedwig Hayupo

Husum, Oktoba, mwaka wa tisini na nane.
Mvua ya ubavu, ile isiyonyesha bali hutupwa.
Nilipanda ngazi, ruta kwapani,
hadi kwa Ingwer Lorenzen, mpimaji wa mitaro
na kingo za udongo zinazozuia bahari,
na Wiebke, karani wake, na kompyuta tatu
zilizokaa miaka chumba kimoja bila kusalimiana.

Kwanza ukuta. Watu wa simu walikwisha kuacha
kisanduku cheupe, kimya kama sahani.
Nikapitisha nyaya nne chini ya zulia mpaka dirishani,
na mwisho wa njia nikafunga vipingamizi viwili,
kahawia, nyeusi, kahawia: ohm mia kila kimoja.
Sauti isipopata pa kufia hurudi,
ikagongana na inayokuja, na laini ikapayuka.
Ingwer aliinama kutazama.
"Kumbe nawe unajenga ukingo," akasema.
Naam, ila wangu unaenea katika kopo la peremende.

Nambari tatu: moja ya mdomo, moja ya faksi,
moja ya ruta peke yake,
mtu asipige kuulizia mtaro akajibiwa na mluzi.
Njia mbili, kilobiti sitini na nne kila moja,
na ya tatu, nyembamba, ya kubisha hodi tu.
Nikagawa anwani. Wiebke akanakili nywila
akaificha chini ya chungu cha maua.
Nikajifanya sioni.

Kanuni ya mwisho ndiyo niliyojivunia:
anayetaka kitu cha nje, ruta impigie simu;
sekunde sitini bila neno, ikate.
Taa ya kijani ikawaka. Ikazimika.
Nikanywa chai yao, nikaenda zangu.

Novemba ikaleta bili.
Simu elfu tatu na mia sita.
Kila dakika kumi na mbili, usiku na mchana,
Jumapili, hata ofisi ikiwa imefungwa kwa mafua.
Marki mia nne na ushee.
Ingwer hakupaza sauti. Aliipima bili kwa rula,
akaandika urefu wake pembeni kwa penseli.

Nikalala palepale, koti likiwa mto,
nikiitazama taa.
Saa nane na dakika nne: ikawaka.
Saa nane na kumi na sita: ikawaka.
Nikafungua kumbukumbu za ruta, mstari kwa mstari.
Kompyuta ya dirishani ilikuwa inauliza jina.
*Hedwig yuko wapi?*
Chumbani hakuna aliyejibu,
basi ruta, mtumwa mwaminifu niliyemfunza mwenyewe,
ikanyanyua simu ikauliza dunia nzima.
Dunia ikasema: simjui.
Dakika kumi na mbili baadaye,
*Hedwig yuko wapi?*

Asubuhi nikamuuliza Wiebke.
Akavua miwani.
Hedwig ilikuwa mashine ya kuchorea ramani.
Harro, mwenzake Ingwer, ndiye aliyeibatiza,
jina la shangazi yake aliyechora kwa mkono wa kushoto.
Harro tulimzika Februari.
Mashine ikachukuliwa na mnunuzi wa vyuma.
Ile ya dirishani ilikuwa kompyuta yake.

"Naweza kulifuta jina," nikasema. "Nusu dakika tu."
Wiebke akamtazama Ingwer.
Ingwer akatazama dirisha, na mvua,
na kiti ambacho sikuwa nimeona mtu akikikalia.
"Kuna njia nyingine?"

Ipo. Mstari mmoja ndani ya ruta:
maswali ya majina, mlango wa mia moja thelathini na saba,
yasivuke kizingiti.
Nikaandika, nikahifadhi, nikazima, nikawasha.
Tukasimama watatu, vikombe mkononi,
dakika kumi na mbili, kisha kumi na mbili nyingine.
Taa haikuwaka.

Nikamwandikia risiti: saa moja ya kazi.
Usiku sikumwandikia.
Nilipokuwa navaa viatu
kompyuta ya dirishani ilikoroma kidogo, kama kawaida yake,
ikiuliza humo humo ndani,
bila kumlipisha mtu.