Jo Bila Wo

Nilishuka Kanpur mwezi wa Januari
na sentensi fupi fupi, kiasi cha kutosha wodi:
Kaa. Kunywa. Geuka. Wapi panauma?
Kwetu, milimani Mizo, niliitwa mdomo wa cherehani.
Hapa wagonjwa walinitegea sikio
kama redio ambayo betri zake zinakata roho.

Bi Vidyawati, mwenye nyumba, alinionea huruma,
au labda alichoka kuamrishwa na mpangaji.
"Zuali, unaongea kama telegramu," akasema.
Akamwaga njegere kwenye sinia,
tukapanda juu ya paa kumenya,
jua la baridi likitupapasa migongo.

"Hindi haimwachi mtu mlangoni.
Ukisema *jo*, umekopa;
*wo* ndiyo siku ya kulipa.
*Jab* ikikutoka, *tab* lazima iitike.
*Agar* ikibisha hodi, *to* ndiye afunguaye."
Akapasua ganda kwa ukucha:
upande huu njegere tano, upande ule weupe mtupu.
"Umeona?"
Sikuona kitu. Nilikula njegere.

Juma zima nilitembea nikikopa na kulipa.
Maziwa ambayo yanachemka, hayo yamemwagika.
Kijana ambaye anauza kufuli, huyo mlango wake hauna kufuli.
Basi ambalo nililikimbilia, hilo halikuwa langu.
Na juu ya hayo, jinsia!
Kiti ni mwanamke, kitanda ni mwanamume,
nani aliwafungisha ndoa, hakuna anijibuye.
Lugha yangu haijawahi kumuuliza kitanda mambo hayo.

Kisha kitanda namba kumi na moja,
Mustakim, wa kiwanda cha ngozi Jajmau.
Mashine ilimchukua mkono wa kulia, ikaishia kwenye kiwiko.
Saa tisa usiku aliniita, si kwa kelele:
"Sista. *Jo haath kat gaya, wo dukhta hai.*"
Mkono ambao ulikatika,
huo ndio unaouma.

Nilisimama na bandeji mkononi,
nikatazama pale ambapo hapakuwa na kitu,
shuka tu, imelala bapa.
*Jo* iliondoka Jumanne ndani ya ndoo nyekundu,
ikachomwa nyuma ya jiko la hospitali.
*Wo* imebaki hapa, inadai,
inakunja vidole visivyokuwepo.
Kumbe hivi ndivyo sentensi inavyoshikana,
kwa uzi ambao kisu hakikuuona.

Nikamjibu kwa sentensi yangu ya kwanza ndefu,
*jo* na *wo*, kitenzi kimekaa mkiani kwa adabu,
mkono ambao hatuuoni, huo nao tutautibu,
ila, kwa haraka, nikaufanya mkono mwanamke.
Kitanda cha tisa kikacheka. Cha kumi na nne kikakohoa kwa kucheka.
Mustakim akacheka hadi mti wa dripu ukatikisika,
akasema, "Basi ndiyo maana hanisikilizi,"
kisha akalia kidogo, kisha akaomba chai.

Sasa ninazijua zote, hata zile za mashaka:
ingelikuwa, isingelikuwa, japokuwa.
Ninazipanga usiku nikirudi zamu,
kama mtu anayehesabu chenji mara mbili.

Jana juu ya paa, Bi Vidyawati alishika ganda bila kulipasua.
"*Jab Nilesh aayega*," akasema,
Nilesh atakapokuja,
akatazama chini, kwenye lango,
ambako muuza maziwa alikuwa anafunga baiskeli yake.
Muuza maziwa ndiye aliyewahi kuninong'oneza: miaka tisa,
wala barua.

Nami, mwanafunzi mzuri,
deni likiwa wazi mbele yangu,
nikafungua kinywa nilipe:
"*Tab*..."

Akanijazia njegere mapajani, konzi mbili.
"Menya," akasema.